Ratili Kumi na Tatu Kabla ya Pasaka

Jumapili, 28 Machi 1954

Nimepimwa. Kwenye mizani ya mbata! Mbele za watu!

Niandike kwa utaratibu, maana mimi ni karani, na karani haandiki ovyo. Baada ya misa nilikwenda Temeke kwa Ta Gozbert kumwomba rasmi binti yake, Demetria. Sisi Wahaya mzee wa heshima tunamwita Ta, na huyu anastahili. Ni mpima mizani wa ghala la mbata, hizi nazi zilizokaushwa, kwa miaka kumi na minane, na ufunguo wa ghala anautunza yeye. Hakuna gunia lililowahi kumdanganya. Nilivaa shati jeupe lililotiwa wanga hadi linasimama lenyewe. Nilikuwa na hotuba. Nikafika kwenye "mimi Revelian mwana wa", mzee akainua mkono, akasema twende ghalani. Akaniamuru nipande kwenye mizani. Nikadhani utani. Mzee hana utani.

Ratili mia na saba. Aliisoma kwa sauti ile ile anayosomea magunia, na Albano akacheka.

Albano ni mpishi wa Mzungu mmoja huko Oysterbay, mtu wa Songea, naye anamtaka Demetria. Alishafika kabla yangu, amebeba bakuli la pudini kwa ajili ya mzee. Yeye alipimwa Jumapili iliyopita. Mia na sabini na sita. Najua alivaa viatu.

Kisha Ta Gozbert akanieleza sababu. Mume wa Jovina, dada mkubwa wa Demetria, alikufa kwa kifua katika mwaka wa pili wa ndoa. Jovina akarudi kwao na sanduku moja. Mzee alisema binti wa pili hamtoi kwa mtu anayepeperushwa na upepo. Nifikishe ratili mia na ishirini siku ya Pasaka, naye atapokea barua yangu ya posa. Nikishindwa, barua ya Albano anayo tayari, ameiweka ndani ya Biblia.

Demetria alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Nina hakika ilikuwa huzuni.

Ratili kumi na tatu kwa wiki tatu. Tena Kwaresima!

Jumanne, 30 Machi

Nimemwendea Kasiani, dresa wa zahanati, mtu tuliyesoma naye darasa moja. Akanisikiliza kifua mbele na nyuma. Akanigonga mgongo. Akasema kifua changu kizima, ninachokosa ni chakula. Akaniuliza nakula nini. Nikasema chai. Akauliza na nini. Nikasema na sukari.

Mshahara wangu wanaula dobi na fundi cherehani. Karani haonekani tumbo, anaonekana kola. Hili Kasiani hakulielewa.

Alinishauri nile maharage, mayai, karanga na dagaa, tena nilale mapema. Kama lazima nitake dawa ya kuongeza mwili, basi ninunue mafuta ya ini la samaki kwenye duka la dawa. Chupa iwe na lakiri yake haijafunguliwa. Jina la mtengenezaji liwepo, kipimo kiwepo, nisome kila neno, na neno nisilolijua nimuulize. Kijiko kimoja kwa siku. Akasema nisisahau kwamba kijiko hakichukui nafasi ya sahani.

Maharage! Nimevuka ziwa kwa meli, nikapanda garimoshi siku tatu, nikapiga mtihani wa karani daraja la pili, halafu nije Dar es Salaam kula maharage. Nadhani Kasiani ana kijicho.

Nimejitungia kanuni zangu za kuchagua. Dawa bora ina picha. Dawa bora ina harufu mbaya, maana isiyokuwa na harufu ni maji. Na kama kijiko kimoja kinafaa, vitatu vinafaa mara tatu. Hii ni hesabu tu.

Jumatano, 31 Machi

Duka la dawa mjini, saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa sina chakula cha mchana. Rafu nzima ya dawa za mwili! Vidonge vya hamira. Asali nyeusi ya shayiri. Mvinyo wa nguvu. Mafuta ya ini la samaki, chupa ndogo yenye lebo ya maandishi matupu. Hakuna picha, nikaipita.

Nikaona chupa yenye picha ya mtoto wa Kizungu. Mtoto yule! Mashavu mawili, videvu vitatu, mikono ina mikunjo. Nikasema ndiyo hii. Mwenye duka akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikajibu ana miaka ishirini na saba. Akanitazama, akaifunga chupa kwenye karatasi.

Nimesoma lebo mwenyewe. Kiingereza changu ni kizuri. Kuna neno moja refu nisilolijua, limeandikwa mara nne. Nimeamua ni jina la vitamini.

Vijiko vitatu. Vitamu. Nahisi mwili unaanza kuitikia.

Ijumaa, 2 Aprili

Mwili uliitikia.

Jana sikwenda kazini. Jana sikwenda popote isipokuwa pale uani, nyuma ya mgomba. Kasiani alipita jioni, akaisoma chupa, akakaa chini. Lile neno refu maana yake ni kufunga choo. Ni dawa ya kuwafungulia watoto wachanga. Kipimo ni nusu kijiko cha chai.

Leo nimejipima ofisini kwenye mizani ya vifurushi, wenzangu walipotoka. Mia na nne. Nimepoteza ratili tatu ndani ya siku mbili! Sasa nahitaji kumi na sita.

Mwenye nyumba wangu hapa Mwananyamala, Bi Mwanaasha, mama wa Kizaramo asiyenyamaza, ameniletea uji wa mtama wenye karanga za kusagwa na tui la nazi. Amesema nimekuwa mweupe wa midomo na yeye hataki maiti kwenye chumba chake cha kupangisha, maana hakitapata mpangaji mwingine. Ameapa kuniletea bakuli asubuhi na jioni mpaka nipone. Nakunywa kumridhisha tu. Uji si dawa.

Jumamosi, 3 Aprili

Nimepata akili!

Nilikuwa nimelala nawaza. Kasiani alitaja mafuta ya ini la samaki. Sawa. Lakini samaki yule ni wa Ulaya, mdogo, tena amekaa kwenye chupa miezi mingapi sijui. Hapa tuna papa. Papa ni mkubwa kuliko mtu! Ini lake si ini la mchezo. Kwa nini ninunue kijisamaki dukani wakati chimbuko liko Kawe, mwendo wa baiskeli?

Kazi iliisha saa sita. Saa nane nilikuwa Kawe. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, Marijani, mafundi wake wanakwangua ngalawa zilizopinduliwa mchangani. Nikamwamkia. Nikamweleza kwa Kiswahili safi cha shule kwamba natafuta mafuta ya papa, lakini si mafuta ya ovyo, nataka yenye sifa.

Akauliza, sifa?

Nikamwambia sifa tupu. Bila sifa sichukui.

Alifurahi sana. Akasema vijana wa siku hizi wanapaka rangi za dukani, ni nadra kuona kijana anayeuliza sifa. Akaniuliza chombo changu kina ukubwa gani. Nikamwonyesha chupa niliyokuja nayo. Akacheka, akasema mzaha wangu mzuri, akanijazia kopo zima lililokuwa la mafuta ya taa. Akauliza kinavuja? Nikaikagua chupa yangu, nikasema kidogo, mdomoni. Akaniagiza: kikwanguliwe kwanza, kikauke, kisha kipakwe mara mbili, nje na ndani, halafu kianikwe juani siku nzima.

Nilishangaa kidogo kwamba anasema "ki", lakini watu wa pwani wana Kiswahili chao cha ndani. Nikaelewa anazungumzia kiwiliwili.

Harufu yake inatisha. Dawa bora!

Jumapili, 4 Aprili

Misa ya kwanza, ya alfajiri, kisha matibabu.

Nimejisugua kwa jiwe la miguuni, mwili mzima, maana alisema kikwanguliwe. Nimekauka. Nimejipaka mara mbili nje. Ndani nimekunywa vijiko vitatu, kwa kuziba pua na kusali Salamu Maria. Kisha nikakaa uani kwa kaptura, juani, tangu saa tatu hadi saa kumi.

Paka walianza kufika saa nne. Saa saba walikuwa tisa. Mmoja alinilamba kisigino, na sikuwa na nguvu ya kumfukuza.

Bi Mwanaasha alikuwa kwa ndugu zake Bunju. Hakuna aliyenisumbua. Nalala nikiwa na ngozi inayong'aa.

Jumatatu, 5 Aprili

Ofisini bwana mkubwa aliingia, akasimama, akanusa, akaamuru watafute panya aliyekufa. Walitafuta saa nzima. Mimi nilitafuta kuliko wote. Baada ya hapo meza yangu ikahamishiwa barazani, kwa sababu, alisema, ya hewa. Nimeichukulia kama cheo.

Lakini jioni! Bi Mwanaasha amerudi kutoka Bunju. Alisimama mlangoni mwa uani akapiga kelele kuuliza nani ameleta ngalawa ndani ya nyumba yake. Nikajitokeza. Nikamweleza: mafuta ya papa, yenye sifa, kutoka kwa mzee Marijani wa Kawe. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Kisha akakaa juu ya kinu chake akacheka mpaka majirani wakaja, akawahadithia, wakacheka nao.

Kumbe sifa, kwa watu wa pwani, ndiyo jina la mafuta hayo. Mafuta ya papa yaliyovundikwa, ya kupaka vyombo vya baharini ubao usioze wala kuliwa na wadudu. Na chombo ni ngalawa. Nilimwambia fundi nataka sifa, akanipa sifa. Aliniuliza ngalawa yangu ina ukubwa gani, nikamwonyesha chupa ya soda.

"Mwanangu Revelian," Bi Mwanaasha aliniambia akijifuta machozi, "wewe hutaoza tena. Utazikwa mzima."

Nimeona aibu. Nimeoga mara nne. Harufu haijatoka. Ameniongezea bakuli la tatu la uji, la saa saba, ati unavuta mafuta nje, na asubuhi mhogo wa nazi juu yake. Nimeramba bakuli kwa hasira.

Ijumaa, 9 Aprili

Nimefikiri tena. Ubao wa ngalawa hukaa ndani ya maji ya chumvi miaka kumi hauozi, kwa nguvu ya sifa. Je, kifua cha mtu? Ta Gozbert anaogopa nini hasa? Kuoza kwa kifua! Kasiani hawezi kufika hapa, hana akili ya kuunganisha mambo.

Naendelea. Vijiko viwili tu, kwa tahadhari. Nje nimeacha, kwa heshima ya majirani.

Kwa kuwa ni Ijumaa ya Kwaresima nilikwenda kumuuliza katekista Adelard kama mafuta ya ini la papa yanavunja mfungo wa nyama. Alinijibu akiwa ng'ambo ya barabara. Alisema papa ni samaki, kwa hiyo siyo dhambi, na kwamba kwa jinsi yanavyonuka huenda nikahesabiwa kama nimefanya toba. Nikataka kusogea kumshukuru. Akasema shukrani zimefika.

Jumapili, 11 Aprili. Jumapili ya Matawi

Benchi lenye nafasi ya watu wanane nilikaa peke yangu, mimi na tawi langu.

Demetria alikuwa upande wa wanawake, safu tatu mbele. Alipiga chafya mara sita. Baada ya misa alipita karibu, macho chini, na Jovina akanikabidhi kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Akasema kimetoka kwa mdogo wake na nisikifungue njiani.

Nilikimbia nacho nyumbani. Nampenda Demetria, sijui niandike nini zaidi. Ana namna ya kucheka kwa bega moja. Akiuliza kitu anangoja ajibiwe. Nilidhani ndani ya kikapu kuna barua.

Mayai ishirini. Karanga za kukaanga, kibaba kizima. Maharage. Na karatasi ndogo imeandikwa: Kula.

Basi. Kula! Neno analoambiwa mtoto. Nimekaa nalitazama neno hilo hadi taa ikazimika. Ananidharau, au ameshirikiana na Kasiani.

Jumatatu, 12 Aprili

Albano alikuja kunichungulia. Alisema amepita tu, lakini Oysterbay hadi Mwananyamala hakuna kupita tu. Alitaka kuona kama nimenenepa. Akaona kikapu. Macho yakamtoka.

Hapo nikamtega. Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, Wazungu wanakula nini hata wananenepa. Akatazama mayai. Akasema kipo kitu, cheusi, kizito, kinakaa kwenye chupa pana jikoni kwa bwana wake, na bwana hapitishi chakula cha jioni bila hicho. Mwenyewe hana ruhusa ya kukigusa ila kwa kijiko. Nikamwambia alete. Akarudi jioni na nusu chupa. Nyeusi kweli! Nzito kweli!

Nikampa kikapu kizima, kitambaa nikabaki nacho. Mayai ya kuku wa Temeke kwa siri ya Wazungu. Alikwenda anapiga mluzi, maskini, hajui alichopoteza.

Jumatano, 14 Aprili

Siri ya Wazungu ni chungu na ina chumvi. Nimemaliza.

Leo meno yangu ni ya kahawia. Ulimi pia. Bwana mkubwa aliniita barazani, akanikuta natabasamu, akaghairi alichotaka kusema. Nikamwonyesha Kasiani chupa. Akasoma. Ni rangi. Rangi ya kutia kwenye mchuzi wa nyama uonekane umeiva. Bwana wa Albano hapitishi chakula bila hiyo kwa sababu Albano hajui kukaanga nyama.

Hata hivyo! Mizani ya vifurushi leo: mia na kumi na moja. Nilipanda mara tatu kuhakikisha. Ratili saba tangu ile Ijumaa ya balaa! Niliruka kwa furaha, kidogo nivunje mizani ya serikali. Sifa inafanya kazi. Nilisema mimi.

Bi Mwanaasha anadai ni uji wake. Kila mtu anataka kujipa ushindi wangu.

Jumamosi, 17 Aprili

Mia na kumi na tatu. Pasaka ni kesho. Zinabaki saba, na usiku mmoja hauleti saba hata ukinywa ngalawa yenyewe.

Nimewaza mawe mfukoni. Lakini Ta Gozbert anakagua mifuko. Nimewaza kuvaa mashati manne. Atanivua. Nimewaza kusema ukweli. Wazo hili halikudumu.

Kisha nikaona mtungi. Maji! Maji yana uzito. Hayapo mfukoni, hayapo kwenye nguo, na hakuna sheria inayomkataza mtu kuwa na kiu. Nimejaribu ofisini: chupa moja ya maji ni ratili moja na robo. Chupa sita zinatosha na ziada. Nitazinywa kesho chini ya kilima kabla ya kufika kwa mzee. Dawa safi kuliko zote, wala haina lebo ya kunichanganya.

Jumapili, 18 Aprili. Pasaka

Naandika polepole.

Nilimaliza chupa ya sita karibu na nyumba ya Ta Gozbert. Nilitembea kwa uangalifu. Wote walikuwa wamekaa kwenye baraza la ghala: mzee, Demetria, Jovina anamenya viazi, na Albano katika suti. Nikapanda kwenye mizani. Mzee akasogeza jiwe. Mia na ishirini na nusu!

Nilitaka kushangilia. Tumbo langu likashangilia kwanza. Lilisema chubwi, kwa sauti, kila mtu akasikia.

Ta Gozbert akainama. Akanigonga tumbo kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena chini kidogo. Kwa miaka kumi na minane watu wamekuwa wakimletea mbata iliyomwagiwa maji ili gunia liwe zito. Dawa yake anaijua: gunia lenye mashaka anaandika kando uzito wake, anaweka juani saa nzima, anapima tena. Akaandika kando. Akaniwekea kiti juani. Akasema tunywe chai.

Chai!

Saa nzima. Demetria anamimina, mimi nimekaza miguu na kumsikiliza Albano. Naye Albano, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, akaanza kusifu mayai. Mayai gani, akauliza mzee. Ya Revelian, akasema, ishirini, na karanga tamu ajabu, alimpa kikapu kizima kwa nusu chupa ya rangi ya mchuzi.

Demetria aliacha kumimina. Hakuuliza kitu. Alinitazama tu, na wala hakucheka. Baadaye Jovina aliniambia kwamba alikuwa anayaweka yai moja moja Kwaresima nzima, na yeye mwenyewe hakuonja hata moja. Nimewahi kuaibika mara nyingi katika maisha haya. Hii ilikuwa aibu nyingine kabisa. Nilitamani mzee anirudishe kama gunia nilikotoka.

Kisha nikakimbia. Sikuaga. Nilikimbilia nyuma ya ghala na nilikaa huko muda mrefu.

Niliporudi nikapanda tena. Mia na kumi na tatu. Mzee akaisoma kwa sauti ya magunia. Akaufuta mkono wake, akaushusha kwenye Biblia iliyokuwa juu ya kreti, na nikaona ncha ya barua ya Albano. Nilijua nimempoteza. Nilisimama juu ya ile mizani kwa sababu sikujua pa kwenda.

Demetria akaweka birika chini. Akasema, "Baba, marehemu shemeji ulimpima wewe mwenyewe. Hapo hapo. Alikuwa mia na sabini na mbili."

"Na nusu," akasema Jovina, hakuinua uso kutoka kwenye viazi.

Ta Gozbert aliitazama mizani yake kama mtu aliyeulizwa jina akalisahau. Alitoa leso, akalifuta lile bamba la chuma, taratibu, pembe zote nne, ingawa lilikuwa safi. Alikaa. Alionekana mzee kuliko nilivyozoea.

Hatimaye akasema barua ya Albano atamrudishia, maana binti ameshasema. Yangu ataipokea Pentekoste, kwa sharti moja: kila Jumapili nije nile mezani kwake, aone kwa macho yake chakula kinaingia na kikohozi hakitoki. Atapima sahani, mimi hatanipima tena. Albano akasema sawa, akauliza kama na yeye anakaribishwa kula.

Demetria alinisindikiza hadi kwenye baiskeli. Alisema hataki mtu mnene, anataka mtu atakayeishi, na atakayekula alichopewa. Nikamwomba msamaha wa mayai. Akasema kuku bado wanataga. Kisha akanitaka niape kwamba sitakunywa wala kujipaka tena kitu chochote kinachotoka kwenye chupa. Nikaapa, kwa Pasaka, machozi yananitoka na meno yangu ya kahawia. Akacheka kwa bega moja. Mimi ni mtu mwenye bahati kuliko wote Temeke.

Jumatatu, 19 Aprili

Sikukuu, hakuna kazi. Nimekaa kutafakari kwa utulivu sababu za ushindi wangu, nimeziandika zote, na naona ni sifa ya papa. Kopo la Kawe nimelimwaga, kwa ajili ya kiapo. Kiapo ni kiapo.

Wasiwasi wangu ni Jumapili. Mzee atapima sahani, na tumbo la karani halijazoea sahani. Nikiacha ndizi hata moja ataona. Lazima nipate kitu cha kulifundisha tumbo kula, tena upesi, wiki hii.

Mchana nimekwenda mjini kutembea. Duka la dawa limefungwa, lakini kwenye kioo wameweka dawa mpya, ya vidonge. Picha ya mtu ameinua ng'ombe kwa mkono mmoja! Maelezo ni mengi, na kuna neno moja refu sijalifahamu, nadhani ni jina la ng'ombe. Nilikaa pale mbele ya kioo karibu nusu saa, nikiwaza kiapo changu neno kwa neno.

Niliapa juu ya chupa. Vile vidonge viko kwenye mkebe. Wanafungua kesho saa mbili.